Kiingereza cha Ugonjwa wa Mama

Daktari alizungumza kwa muda mrefu. Alikuwa mama wa kizungu mwenye mvi, amevaa viatu vizito vya ngozi kama vya mwanamume, na wakati wote alipokuwa akisema alimtazama mama yangu usoni, ingawa alijua kwamba mama hamwelewi. Alipomaliza, muuguzi aliyesimama kando yake alitugeukia.

"Munganga anasema dawa asubui na mangaribi," akasema. "Mutarudia mwezi mwingine."

Ikawa imekwisha. Mama aliniuliza kwa Kichina daktari amesema nini. Nikamjibu: dawa asubuhi na jioni. Akaniangalia kidogo.

"Yote yale?" akauliza.

Nilikuwa karibu kumaliza shule ya sekondari. Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa, na alikuwa ameuficha kwa muda ambao hakuna aliyeujua ila yeye. Hospitali zenye madaktari wa Kifaransa zilikuwapo Lubumbashi, lakini mama hakukubali kuvua nguo mbele ya mwanamume, hata awe daktari, hata awe mzee. Tulipoambiwa kwamba kwenye dispensari ya misheni, siku fulani za wiki, anatibu daktari mwanamke, ndipo alipokubali kwenda.

Shida ilikuwa lugha. Daktari huyo alikuwa ameishi Zambia miaka mingi kabla ya kuhamia upande wetu wa mpaka. Kifaransa hakukijua, na Kiswahili ndiyo kwanza alikuwa anakianza. Mambo ya kila siku, kula, kulala, homa, aliyasema kwa Kibemba, na muuguzi akayageuza kuwa Kiswahili. Lakini alipofika kwenye ugonjwa wenyewe Kibemba kilimwishia, akahamia Kiingereza, na Kiingereza cha muuguzi kilikuwa cha kuhesabia vidonge tu. Mimi nilikuwa wa mwisho: nilipokea kilichobaki nikakitia katika Kichina. Mama alipewa makapi, na alijua kwamba anapewa makapi.

Nyumbani kwetu Hewa Bora tulikuwa watu watatu. Baba alikulia kisiwani Morisi, katika familia ya Kichina, akaja Katanga akiwa kijana, kabla ya uhuru, kupika katika nyumba za wahandisi wa migodi. Baadaye aliacha majiko ya watu, akakodi kipande cha ardhi karibu na Karavia, akalima mboga: kabichi, figili, vitunguu vya majani, na lengalenga, mchicha wa huku, kwa ajili ya majirani. Mama aliletwa kutoka kusini mwa China kuolewa na mtu aliyemjua kwa picha. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kupimia mafungu ya mboga. Mimi, binti yao, nilizaliwa hapa. Kichina kilikuwa lugha yangu ya kwanza, Kiswahili cha barabarani, Kifaransa cha shuleni, mahali ambapo kila asubuhi kabla ya somo tulipanga mistari tukaimba na kucheza kwa ajili ya chama na rais.

Kiingereza pia tulifundishwa. Nilijua kusema kwamba mvulana yuko chini ya meza.

Siku ile, tukirudi kwa miguu, mama hakusema tena habari ya daktari. Alisimama mara moja tu kutazama kilima cheusi cha takataka za shaba, kama mtu anayepumzika. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilitaka kujua yote yale.

Baba ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu. Alikuwa mjane wa asili ya Kasai aliyekaa Bel-Air, katika nyumba yenye baraza safi, na baba alimpelekea mboga kila wiki. Alikuwa amefundisha Kiingereza kwenye shule ya wasichana kwa miaka mingi. Maofisa walimwita citoyenne, yaani mwananchi, kama sheria ilivyotaka wakati ule. Majirani walimwita Mama Mwalimu, nami nikamwita hivyo.

Aliniuliza nataka Kiingereza cha nini. Nilisema nataka maneno makubwa. Akacheka, akasema wanafunzi wote wanataka maneno makubwa, kisha wanashindwa kuomba maji ya kunywa. Nikamweleza habari ya mama, ya daktari na ya muuguzi. Akaacha kucheka. Akaingia ndani, akarudi na kamusi nene ya Kiingereza kwa Kiingereza, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa gunia.

"Kifaransa unakuwa nayo," akasema. "Njo nusu ya kazi. Ile ingine tutaivuta polepole."

Ilikuwa kweli. Kwa mtu aliyesoma Kifaransa, maneno mengi mazito ya Kiingereza ni sura za watu anaowafahamu: operesheni, infeksheni, treatment, hayo niliyapokea bila jasho. Yaliyonitesa ni mengine. Kuna maneno yanayofanana sura na si ndugu. Katika ziara ya kwanza nilikuwa nimelisikia neno moja katikati ya mafuriko ya daktari: malignant. Nililidaka kwa sababu lilifanana na neno la Kifaransa tulilotumia shuleni kwa mtoto mjanja, malin. Baadaye nikamwambia mama kwamba daktari anafikiri uvimbe huenda ni mjanja. Mama alifikiri kidogo, akasema basi ni wa ukoo wa baba yako.

Nilipomsimulia Mama Mwalimu, hakutabasamu. Alinitaka nilitafute neno lile mwenyewe katika kamusi. Nikalitafuta. Maelezo yake yalikuwa na maneno mengine ambayo nayo nilipaswa kuyatafuta, na hayo yakanituma kwa mengine tena, mpaka jua likahama barazani. Mwishowe nilielewa kwamba ni uvimbe wenye nia mbaya, unaokua na kuenea na kuua. Daktari alikuwa bado hajasema ndivyo ulivyo. Alikuwa amesema huenda. Alikuwa amekata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka hospitali kubwa kichunguzwe, na tulikuwa tunangoja jibu.

Nilisoma kwa bidii miezi ile kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wowote. Mama Mwalimu alinifundisha kulitazama neno refu bila hofu.

"Neno murefu iko sawa muntu mwenye kuvaa nguo mingi," alisema. "Umuvue moja moja. Utamukuta mwenyewe ndani, mudogo tu."

Basi tuliyavua. Prognosis tukakuta ndani yake kujua, na mbele ya kujua kuna kabla. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu ndivyo Kichina kilivyo. Kichina hakifichi viungo vya neno. Treni kwetu ni gari la moto, simu ni maneno ya umeme, na mtoto akisikia neno jipya mara nyingi huona limejengwa kwa nini. Kiingereza nacho kimejengwa hivyohivyo, ila matofali yake ni ya lugha za watu waliokufa zamani, na mtu asiyeambiwa huona ukuta mmoja tu. Mama Mwalimu aliniambia hata sisi tunasema gari la moshi, kwa hiyo nisijione wa pekee.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulitarajia. Nilipokuwa nimelielewa neno la Kiingereza, nililirudisha nyumbani nikakuta sina pa kuliweka. Kichina changu kilikuwa cha jikoni. Nilijua majina ya mboga, ya vyombo, ya ndugu wa upande wa mama na wa upande wa baba. Nilijua kugombezwa na kubembelezwa. Sikujua ini linavyoitwa likiwa ndani ya mtu; nililijua la kuku tu. Sikuwahi kumsikia mtu akitaja ugonjwa kwa jina lake, kwa sababu nyumbani kwetu mambo hayo hayakutajwa. Kadiri Kiingereza changu kilivyopanda ndivyo nilivyoona Kichina changu kilivyokuwa kifupi, na mama yangu alikuwa ng'ambo ya Kichina hicho akiningoja.

Upande wa pili kulikuwa na maumivu. Daktari aliuliza kila mara maumivu ni ya namna gani, na Kiingereza kina majina mengi: ya kuchoma, ya kudunda, yaliyo makali, yaliyo butu. Muuguzi yote aliyasema "inaumia". Mama naye alikuwa na majina yake. Alisema bega lake ni chachu. Ndivyo Wachina wanavyosema, kiungo kikichoka na kuuma taratibu kinakuwa kama siki. Siku moja nilijitosa, nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba bega la mama yangu ni chachu. Daktari akamnusa mama bila kujua la kufanya. Mama Mwalimu, niliposimulia, alinipa maneno mawili, dull ache, maumivu butu. Katika ziara iliyofuata nikayatumia, na daktari akaandika papo hapo, akabadilisha dawa. Mama aliona kalamu ikitembea. Tulipotoka alinishika mkono, kwenye kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo.

Nilikuwa nikisoma kwa sauti nyuma ya nyumba, na mama akipanga mafungu ya mboga karibu yangu. Sikujua kama anasikiliza. Kisha siku moja, mbele ya daktari, kabla sijafungua kinywa, mama alijibu mwenyewe.

"No pain," akasema. "Apetai, little."

Alikata mwisho wa neno appetite, hamu ya kula, kama tunavyokata katika Kichina chetu, lakini daktari alielewa. Alimjibu mama moja kwa moja, polepole, na mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji yake. Muuguzi alisema sasa sisi watatu tunaelewana bila yeye, atakwenda kuuza maandazi.

Jibu la hospitali kubwa lilifika mwanzoni mwa baridi, miezi ile ambayo Lubumbashi asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe. Daktari alitukalisha. Nilimwomba muuguzi kwa heshima, kwa sababu alikuwa mtu mzima, aniachie mimi nitafsiri leo.

"Sema weye, mwanangu," akanijibu. "Miye nitasikia."

Daktari alianza, na kwa mara ya kwanza nilisikia yote. Sikukosa neno ila moja. Malignant, alisema, na safari hii hakukuwa na huenda. Ulikuwa umeenea, umefika kwenye ini. Kukata titi kusingesaidia tena. Alisema prognosis, nikaona ndani yake kujua na kabla. Alisema hatuwezi kuponya lakini tunaweza kutuliza, na hapo akatumia neno palliative, ambalo sikuwa nimefundishwa lakini nilijua kwa uso wake linaelekea wapi.

Kisha akanitazama. Mama naye akanitazama.

Nilikuwa na Kiingereza chote, na Kichina sikuwa nacho. Nilimwambia daktari kwamba baadhi ya maneno sina bado kwa lugha ya mama yangu, na kwamba sitaki kumpa maneno mabovu. Alifikiri, akasema niende nikayatafute, na turudi wiki inayofuata. Mama nilimwambia jibu limekuja, ni refu, nataka kulisema vizuri. Hakuuliza zaidi. Tulirudi nyumbani, akapika.

Kesho yake nilimfuata baba shambani Karavia. Alikuwa anamwagilia matuta ya kabichi kwa kopo la bati lenye matundu. Baba alikuwa na kamusi ya zamani ya Kichina aliyoirithi, na alijua kusoma vizuri kuliko alivyopenda kuonyesha. Nilimuuliza kama anavyouliza mwanafunzi. Ugonjwa ambao ndani ya tabia yake kuna ubaya, ambao haukai mahali pamoja, unaitwaje?

Kopo liliendelea kumwaga maji mahali palepale mpaka udongo ukageuka tope. Kisha akalitaja neno. Lina vipande viwili: uovu na asili. Hata mtoto wa miaka mitano angelielewa. Akachuchumaa, akachora kwenye tope, kwa kidole, alama ya jina la ugonjwa wenyewe: paa la maradhi, na chini yake vinywa vitatu, na chini ya vinywa mlima. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akafuta kwa kiganja.

"Kwa Kiingereza neno hilo halionekani," akasema. "Kwa Kichina litamwangukia. Mwambie ni uvimbe. Mwambie utapungua."

Nilimwambia mama ataniuliza yote yale. Baba alisema kwa watu wetu mgonjwa haambiwi, wanaambiwa ndugu zake, ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake na kwa bibi yake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeshikilia mlango. Tulifunga mafungu ya mboga tukayapakia kwenye baiskeli, tukazunguka nayo kwenye nyumba za wahandisi, na kwenye kila mlango baba alisalimia kwa Kifaransa chake cha upole kana kwamba ni siku kama nyingine.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja yenye jua mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua mboga zilizorudi bila kuuzwa, nami nikimsaidia. Aliinua fungu moja la kabichi akanionyesha. Katikati kulikuwa na majani yaliyooza.

"Baba yako hajawahi kufunga jani bovu tangu nimjue," akasema. "Wiki hii ni fungu la tatu. Daktari alisema nini?"

Nilianza kusema kwamba ni uvimbe.

"Sema kama alivyosema yeye," akanikata. "Usitie sukari."

Nikasema. Nililitaja lile neno la uovu na asili, nikataja ini, nikataja kwamba kukata hakutasaidia. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, jambo ambalo hata leo linanishangaza. Mama aliendelea kuchambua. Mikono yake haikusimama. Baadaye aliuliza Mwingereza anauitaje. Nikamwambia. Akajaribu, ma-lig-nan, akajaribu tena, akakata tamaa na mwisho wake.

"Na kwa Kiswahili?"

Nikasema kuna neno la wazungu, kansa, lakini watu wengi husema tu ugonjwa mbaya.

"Hilo naliweza," akasema mama.

Nilidhani anasema tu. Lakini Jumamosi ile kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, na mtaa wetu ulikuwa unasafisha mfereji. Mama hakuwahi kukosa salongo. Alikuja na jembe lake, akalima kidogo, kisha akaliegemea, akawaambia wanawake waliokuwa karibu naye, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Miye iko na ugonjwa mubaya. Munganga anasema haitapona."

Jirani yetu wa mkono wa kuume, ambaye mama alikuwa amegombana naye kwa sababu ya kuku, alimnyang'anya jembe, akamwambia akae. Mama akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Tangu siku hiyo uwanja wetu ulifagiwa kabla hatujaamka, na bukari, ndio ugali wetu, ilifika nyumbani imefunikwa kwa sahani, na hakuna aliyetuuliza sahani yake iko wapi.

Baba alirudi jioni akakuta mtaa wote unajua. Alikaa kwenye kiti chake bila kuvua kofia. Mama alimletea chai. Sikusikia walichosemezana, kwa maana mama alinituma dukani, lakini niliporudi macho ya baba yalikuwa mekundu na mama alikuwa anamkata kucha.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari sote watatu. Nilikuwa nimemuuliza Mama Mwalimu lile neno palliative. Aliniambia asili yake ni vazi, joho la zamani la kujifunika. Nikamweleza mama kwamba dawa za sasa ni kama joho, zinafunika. Mama alitaka nimuulize daktari swali moja: joho hilo linafunika maumivu, au linafunika macho yake asione?

Nilitafsiri neno kwa neno. Daktari akasema maumivu tu. Akasema dozi ikiwa kubwa sana mwishoni atalala sana, na hapo mama ndiye atakayechagua. Nikamwambia mama. Mama akasema basi wameelewana. Alikuwa na maswali mengine, aliyapanga kama mafungu yake: atakula nini, atashindwa kutembea lini, ngozi itageuka rangi. Daktari alijibu yote. Mimi nilikuwa katikati nikipitisha. Baba aliangalia sakafu, lakini hakutoka nje.

Mama aliishi baridi yote ile na joto la kabla ya mvua. Alifanya mambo aliyoyataka. Alinifundisha kuchachusha figili kwa chumvi, kwa sababu alisema baba atatia chumvi nyingi. Alimrudishia jirani kuku wawili, ingawa mmoja alikuwa wetu kwa haki. Alimwambia baba asihangaike kutafuta njia ya kupeleka mifupa yake China. Kwa Wachina wa rika lake hilo lilikuwa jambo zito, na baba alipinga.

"Nizike hapa," mama alimwambia, "mahali ambapo binti yangu anajua kuuliza njia."

Alikufa mvua zilipokuwa zimeanza, mchana, mimi na jirani tukiwa kando yake. Alikuwa amechagua dozi ndogo, na mara nyingi aliumia, lakini alitujua mpaka mwisho.

Kilio kilikuwa cha Lubumbashi. Wanawake walitandika mikeka sebuleni wakakaa na bikwembe vyao vya kitenge, wanaume wakakaa nje kwenye viti vya kuazima chini ya turubai, mvua ikipiga juu. Waliimba nyimbo za kanisa, ingawa mama hakuwa wa kanisa lolote, na baba aliwasha vijiti vyake vya ubani pembeni bila mtu kumzuia. Mama Mwalimu alikuja kutoka Bel-Air na dada zake wawili. Muuguzi alikuja. Siku ya pili daktari alikuja pia, na viatu vyake vizito vimejaa matope mekundu, akaomba kusema.

Nilisimama karibu naye nitafsiri. Alisema mama yangu alikuwa mgonjwa aliyemfundisha kuuliza maswali sawasawa. Kisha akatugeukia mimi na baba, akatuita the bereaved. Neno hilo nililijua. Mama Mwalimu alikuwa amelivua pamoja nami wiki chache kabla, kwa makusudi, nadhani: ndani yake kuna kunyang'anywa. Niliwageukia watu nikataka kusema walionyang'anywa, kisha nikaona haina haja. Kiswahili kina neno lake, na ni kamili. Nikasema wafiwa. Mfiwa ni mtu ambaye amefiwa, kifo kimetendeka kwa mwingine na yeye ndiye aliyepigwa nacho. Wanawake kwenye mikeka wakaitikia.

Ilibaki zamu ya baba. Kiswahili alikuwa amekisikia, lakini alikuwa ananingoja nimwambie kwa Kichina, na hapo nilikwama, nikainama sikioni kwake nikamwambia kwa maneno ya jikoni, kwamba daktari anasema tumeondokewa. Baba akasema lipo neno la vitabuni kwa mtoto aliyefiwa na mama: amepoteza pa kuegemea. Alilisema kwa sauti ya chini, kwangu tu, akalirudia polepole ili nilishike. Nikalia hapo, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu mchana ule. Daktari alisimama akaningoja mpaka nilipoweza kuendelea.

Baada ya mazishi muuguzi aliniomba niwe nafika dispensari siku za daktari. Nilikwenda kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka daktari alipoondoka kurudi kwao. Niliwatafsiria wanawake wa sokoni, wake wa wachimbaji, na bibi mmoja aliyekataa kuambiwa chochote, akaomba aambiwe mtoto wake; daktari alimheshimu, nami nikaheshimu. Baadaye nilisoma chuo, nikawa mwalimu wa Kiingereza. Mama Mwalimu alinipa ile kamusi siku alipohamia kwa mwanawe Kasai. Tulipeana mikono barazani kwake, akaniambia nishone jalada upya, uzi umelegea.

Baba aliendelea na mboga. Katika miezi ya kiangazi tulikwenda pamoja makaburini kufyeka majani, yeye akiwa na panga na mimi nikiwa na maji ya kunywa. Alimsimulia mama habari za shamba kwa Kichina, kabichi zilivyoshika, wadudu walioingia kwenye figili, mhandisi aliyehama bila kuaga. Alizungumza naye kwa muda mrefu. Mimi nilikaa kwenye kaburi la kando, chini ya jua, nikamsubiri amalize.